Joto la nyumba na maji ya moto katika nyumba ya zamani ya nyanda za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu nyumba za zamani za vijijini katika maeneo ya baridi: Makete, Njombe, Mufindi, Rungwe na Lushoto kwa upande wa Tanzania, na Limuru, Kinangop na Molo kwa upande wa Kenya. Nyumba inayozungumziwa ni ile ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, yenye paa la bati na pengine dohani ya zamani sebuleni. Majibu yametokana na ukarabati wa nyumba ya wazazi wetu wilayani Makete, na pia na maswali ambayo ndugu na majirani wamekuwa wakituuliza tangu kazi hiyo ilipokamilika.

## Mambo ya msingi

1. Je, nyumba iliyopo Tanzania inahitaji kupashwa joto kweli?

Swali hili huulizwa zaidi na watoto walioko Dar es Salaam, ambao ndio wanaochangia fedha za kukarabati nyumba ya wazazi, na ambao hufika kijijini mwezi wa Desemba wakati hali ya hewa ni ya kupendeza. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo umepita mita 2,500. Kuanzia Juni hadi Agosti sakitu huanguka Kitulo na katika mabonde ya jirani, na majani huamka meupe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzijoto 18 katika nchi na maeneo yenye majira ya baridi. Sisi tulipima chumba cha kulala cha mama alfajiri moja ya Julai, kabla ya ukarabati, tukakuta nyuzijoto 9. Mtu mwenye umri wa miaka 78 na kifua kinachobana hapaswi kulala katika chumba cha namna hiyo.

2. Nianze na nini: jiko, sola au hita?

Anza na nyumba yenyewe. Bati tupu lisilo na dari halizuii joto hata kidogo, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, hugusa bati lililopoa na hutoka kupitia mwanya ulioachwa kati ya ukuta na kenchi. Ukiweka jiko zuri katika chumba hicho, utachoma kuni maradufu na bado miguu itakuwa baridi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye dari ya vyumba vya kulala na sebule. Dari ya mbao ni nzuri kuliko zote, na dari ya jipsamu inatosha. Kabla ya kuipiga, ondoa kinyesi cha popo kilichorundikana juu ya kuta, nyunyizia maji kidogo ili vumbi lisiruke, na uvae barakoa. Baada ya dari, ziba mwanya wa kenchi, weka mpira chini ya milango ya nje, na tundika mapazia mazito madirishani. Usizibe kila tundu, hata hivyo: chumba chenye jiko la kuni kinahitaji hewa ya kuingia, na sababu zake zimeelezwa katika swali la 7.

Jambo moja linalosahaulika ni unyevu. Matofali yaliyojengwa kwa udongo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kwenye uso wa ukuta. Ukipiga lipu ya saruji nje na ndani, maji hayo hukosa njia, ukuta hubaki umelowa ndani kwa ndani, na ukuta uliolowa hupitisha joto upesi kuliko ukuta mkavu. Lipu ya udongo na chokaa inaufaa ukuta wa aina hii. Pia chimba mtaro wa kupeleka maji ya paa mbali na msingi.

3. Je, mfumo mmoja unaweza kupasha vyumba na maji kwa pamoja?

Unaweza, kwa kuweka boila ndogo nyuma ya jiko na kuiunganisha kwa mabomba na tangi la maji ya moto. Mfumo huo unapendwa Ulaya, ambako jiko huwaka miezi sita mfululizo. Kwetu hesabu ni tofauti: chumba kinahitaji joto kwa takriban miezi mitatu, tena usiku, ilhali maji ya moto yanahitajika mwaka mzima, asubuhi na jioni. Ukiziunganisha kazi hizi mbili, utalazimika kuwasha jiko la sebuleni mwezi wa Novemba ili mtu aoge.

Ushauri wetu, ambao ndio msingi wa majibu mengine yote hapa, ni kutenganisha. Sebule na chumba cha jirani vipashwe na jiko moja lenye bomba la moshi, na maji yapashwe na chombo chake. Mfumo mmoja ukiharibika, mwingine unaendelea, na fundi wa kawaida wa wilayani anaweza kutengeneza kila mmoja.

4. Familia inahitaji maji ya moto kiasi gani?

Anayeoga kwa ndoo hutumia lita 20 za maji yaliyochanganywa hadi kufikia nyuzijoto 40 hivi. Ikiwa maji ya tangini yana nyuzijoto 55 na ya bombani yana 13, ndoo hiyo itachukua lita 13 za moto na lita 7 za baridi. Watu sita watatumia karibu lita 80, na ukiongeza vyombo vya jikoni unafika lita 100 kwa siku. Wanaooga kwa bomba la mvua hutumia mara moja na nusu hadi maradufu ya hapo. Kwa hiyo tangi la lita 100 linatosha nyumba ya ndoo, na la lita 200 linafaa nyumba ya bomba la mvua.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzijoto 13 hadi 55 kunahitaji karibu yuniti 5 za nishati (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), iwe ni ya umeme, jua, gesi au kuni. Shika kiwango hicho, kwa kuwa kitarudi mara kadhaa hapa chini.

## Kupasha vyumba

5. Nyumba ina dohani ya zamani sebuleni. Niitumie kama ilivyo?

Dohani nyingi za namna hii zipo katika nyumba zilizojengwa na wamisionari na maofisa wa enzi za Wajerumani na Waingereza, pamoja na nyumba za wenyeji waliojifunza uashi kwao. Zinapendeza, lakini moto wa wazi ni njia ya kupoteza kuni. Sehemu kubwa ya joto hupanda na moshi, na moto wenyewe huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka juu, hivyo baridi ya nje huingia kupitia chini ya mlango kuziba pengo. Ndiyo maana wanaokaa mbele ya moto huungua magoti huku migongo ikiganda.

Hesabu inaonyesha hivi. Kukipa chumba kilowati 2 za joto kwa saa nne unahitaji yuniti 8. Kilo moja ya kuni kavu ina yuniti 4 hivi. Jiko la chuma lililofungwa, linalotoa asilimia 60 ya joto chumbani, litakula kilo tatu na nusu. Moto wa wazi, unaotoa asilimia 10 hadi 15, utakula kilo 13 hadi 20 kwa joto lile lile.

Dohani yenyewe, hata hivyo, ni mali. Itumie kama njia ya kupitishia bomba la jiko lililofungwa. Kwanza iangalie: panda juu ya paa mchana, tazama chini, na mwenzako amulike tochi kutoka sebuleni. Ya kwetu ilikuwa imezibwa na masega ya nyuki, na chini yake matawi makavu ya viota vya miaka mingi. Tulimwita mrina asali wa kijijini, akawahamisha nyuki usiku, na ndipo fundi alipoanza kazi. Kisha jaribu kwa moshi: washa majani mabichi chini, funika mdomo wa juu kwa gunia lililolowa, na uzunguke nyumba ukitazama ufa wowote unaovuja. Ufa katika udongo kati ya matofali unaweza kupitisha cheche hadi kwenye mbao za kenchi, na hapo bomba la chuma ndani ya dohani si hiari tena.

6. Kama hakuna dohani, ninunue jiko la chuma au nijenge la matofali?

Jiko la chuma hupasha chumba ndani ya dakika 15 na hupoa mara moto unapozimika. Jiko la matofali huchukua saa nzima au zaidi kuanza kutoa joto, lakini likishajaa joto huendelea kulitoa hadi alfajiri. Kwa wazee wanaokaa nyumbani mchana kutwa, matofali ni bora. Kwa nyumba ambayo watu hurudi jioni na kulala saa nne, chuma kinatosha.

Kwa vyovyote, bomba la moshi liwe na kipenyo cha sentimita 15 hivi, lipande wima bila kona nyingi, na litokee juu ya mgongo wa paa kwa angalau sentimita 60, la sivyo upepo utarudisha moshi ndani. Bomba la chuma lisilo na kizuizi likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote. Linapopita kwenye dari na bati, lizungushiwe kisahani cha chuma chenye nafasi ya hewa. Fundi mmoja alitupendekezea kutoboa tundu la kipenyo kile kile cha bomba na kuziba kwa saruji ili mvua isiingie. Tulikataa, kwa sababu mbao ya kenchi ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka hapo.

7. Wazazi wamezoea kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Kuna ubaya gani kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi?

Ubaya ni kifo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isibebe oksijeni. Moshi unaoonekana kwa macho ni kitu kingine kabisa, kwa hiyo kutokuwepo kwa moshi hakuthibitishi chochote. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio ule ule unaoua watu wakiwa usingizini, hasa katika chumba kilichozibwa vizuri kwa ajili ya baridi.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu wa miguu, na watu wengi hudhani ni malaria. Ukihisi hivyo katika chumba chenye moto, toka nje kwanza, watoe na wengine, kisha nendeni hospitali mkieleza kwamba mlikuwa na jiko la mkaa ndani. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mimi na bibi yangu tuliamka usiku vichwa vikituuma, na kilichotuokoa ni kwamba bibi alitaka kwenda haja, akafungua mlango. Tangu hapo kwetu jiko la mkaa hubaki kwenye baraza.

Hakuna aina ya mkaa, wala jiko banifu, wala kufungua dirisha kidogo, kunakofanya jambo hili liwe salama usiku. Mpe mzazi chupa ya maji ya moto kitandani, blanketi la pili na dari juu ya kichwa chake. Jiko la kuni lenye bomba la moshi, kama lilivyoelezwa katika swali la 6, ni salama kwa sharti kwamba kuna tundu la hewa ukutani lenye ukubwa wa kiganja na kwamba bomba linasafishwa kila mwaka. Ukiweza kupata king'ora kinachotambua kaboni monoksidi, kiweke chumba cha kulala kilicho jirani na jiko.

8. Kuni zipi zinafaa?

Miwati ni bora, na Njombe ina bahati ya kuwa nayo kwa wingi tangu mashamba makubwa ya miwati yalipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Milingoti huwaka kwa joto kali lakini huchelewa kukauka. Misindano huwaka haraka na utomvu wake huacha masizi ya kunata ndani ya bomba, kwa hiyo itumike kuwashia tu.

Ukavu una uzito kuliko aina ya mti. Kuni mbichi hutoa karibu nusu ya joto la kuni kavu, kwa sababu moto hutumika kwanza kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Pasua magogo, yapange chini ya paa penye upepo, na uyape miezi sita kwa miwati, au mwaka kwa milingoti. Kwa kuwa mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili, kuni za Julai hupasuliwa Agosti ya mwaka uliotangulia.

9. Je, hita ya umeme ya chumbani haitoshi?

Inatosha kwa chumba kimoja chenye dari, kwa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Hita za mafuta zenye mapezi ni salama kuliko zile za waya mwekundu, ambazo huunguza nguo na mapazia. Hita ya kilowati 2 inakula yuniti 2 kila saa, na nyaya za nyumba ya zamani huenda zisiistahimili. Soketi ikipata moto au ikibadilika rangi, acha kuitumia hadi fundi umeme atakapoikagua.

## Maji ya moto

10. Hita ya papo hapo ya bafuni inafanya kazi vizuri Dar es Salaam. Kwa nini kijijini inatoa maji ya vuguvugu?

Kwa sababu Dar es Salaam maji huingia yakiwa na nyuzijoto 27 hivi, na hita inaongeza kidogo tu. Makete maji huingia yakiwa na 13. Hita ya kilowati 5.5, maji yakipita lita 3 kwa dakika, huongeza nyuzijoto 26, hivyo hutoa maji ya 39. Hayo yanaogeka, lakini lita 3 kwa dakika ni kijimkondo chembamba, na ukifungua koki zaidi joto linashuka.

Tatizo la pili ni umeme wa vijijini. Nyumba iliyo mwisho wa laini hupata volti pungufu hasa saa moja jioni, wakati kila mtu amewasha. Nguvu ya hita hupungua kuliko volti zinavyopungua: kwa volti 190 badala ya 230, hita ya kilowati 5.5 hutoa kilowati 3.8 tu, na maji yale yale hutoka yakiwa na nyuzijoto 31. Watu hubadilisha hita mara tatu wakidhani ni mbovu.

Ikiwa utaitumia, hita ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa milimita 6 za mraba, pamoja na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyopimwa na swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi kabisa. Kuoga chini ya hita isiyo na ethi ni kuhatarisha maisha, na hapa hakuna njia ya mkato.

11. Hita ya tangi ya umeme itanigharimu kiasi gani kwa mwezi?

Yuniti 5 kwa siku (swali la 4) ni yuniti 150 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu joto linalopotea tangini usiku. Kaya nyingi za vijijini zipo katika kundi la TANESCO la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi na bei yake ni ya chini. Hita ya tangi peke yake itakutoa katika kundi hilo, kisha taa, redio na friji navyo vitalipiwa kwa bei ya juu. Wazee wanaopelekewa LUKU na watoto wao huona ghafla kwamba fedha iliyotosha mwezi inaisha kwa siku kumi, na wengi huzima hita wakarudi kwenye sufuria. Kwa sababu hiyo tunaiona hita ya tangi kuwa msaidizi wa sola, si chombo kikuu.

12. Sola ya maji inafanya kazi penye baridi na ukungu?

Inategemea uko upande gani. Sola hutumia mwanga wa jua, si joto la hewa. Katika nyanda za juu kusini miezi ya baridi ni miezi ya kiangazi: usiku ni wa sakitu lakini mchana mara nyingi ni wa jua kali na anga safi. Baridi na jua huja pamoja, na hiyo ni bahati ambayo mikoa michache inayo. Tangi letu la lita 200 hufika nyuzijoto 55 au zaidi saa kumi jioni katika siku nyingi za Julai, na hudhoofika Januari na Februari, wakati wa mvua.

Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro, Limuru na Kinangop ni kinyume. Huko Julai na Agosti wingu hushuka na kukaa siku nyingi mfululizo. Sola bado inafaa, kwa kuwa kupandisha maji kutoka 14 hadi 30 ni kazi iliyokwisha kufanywa, lakini chombo cha pili ni lazima.

Chombo kitazame kaskazini kwa upande wa Njombe na Makete. Ziko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua la Juni adhuhuri huinama zaidi ya nyuzi 30 kuelekea kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 25 hadi 30 unakamata jua la miezi ya baridi, ambalo ndilo unalolihitaji. Tumeona vyombo vilivyofungwa vikitazama barabara ili vionekane, na wenyewe wakilalamika kwamba sola ni utapeli.

13. Nichague mirija ya vioo au sahani bapa?

Penye sakitu, chagua mirija. Ombwe lililo kati ya kuta mbili za kioo huzuia joto lisitoroke usiku, na maji hayagandi kwa urahisi. Sahani bapa inayopitisha maji moja kwa moja inaweza kupasuka mabomba yake usiku mmoja wa sakitu. Penye baridi ya wastani kama Lushoto, sahani bapa ni imara zaidi dhidi ya mawe na matunda yanayoanguka.

Mirija ina adui mmoja. Ikikaa juani bila maji kisha maji ya baridi yakaingia ghafla, kioo hupasuka. Jaza tangi alfajiri au baada ya jua kuzama, hasa pale bomba la kijiji lilipokuwa limekatika.

14. Paa la zamani litabeba tangi?

Usilibebeshe bila kulikagua. Lita 200 za maji ni kilo 200, na fremu, tangi na mirija vinaongeza uzito zaidi. Kenchi za miaka 60, zilizoliwa na mchwa kwenye ncha zinazokaa ukutani, hazionyeshi ubovu kwa nje. Choma kisu ncha hizo: kikizama bila upinzani, mbao imekufa.

Njia rahisi ni kuweka sola chini, juu ya jukwaa la matofali upande wa kaskazini wa nyumba, na simtanki kwenye mnara ulio juu zaidi ya sola. Mabomba ya maji ya moto yawe mafupi na yavishwe sponji, kwa sababu bomba la mita 15 lililo wazi hupoza maji kabla hayajafika bafuni.

15. Pipa la maji linalochemshwa kwa kuni nje ya nyumba lina usalama gani?

Hiki ndicho chombo cha pili tunachokipendekeza kwa siku za mawingu. Ni pipa la chuma la lita 200 lililozungushiwa matofali, moto ukiwaka chini yake. Maji ya baridi kutoka simtanki huingia chini, ya moto hutoka juu kwenda bafuni. Kilo nane au tisa za kuni kavu hutosha kupasha pipa zima.

Usalama wake wote upo katika bomba la tatu, la kupumulia. Bomba hili hutoka juu kabisa ya pipa, hupanda wima hadi juu ya usawa wa maji ya simtanki, na mdomo wake hubaki wazi daima. Lisifungwe koki, wala kuzibwa na tambara ili kuzuia mvuke kupotea. Maji yanapogeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600, na pipa lililofungwa kila upande hulipuka kama bomu. Katika mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 93 tu, kwa hiyo mvuke huanza mapema kuliko wengi wanavyotarajia.

Mita mbili za kwanza za mabomba ziwe za chuma, kwani ya plastiki hulainika. Usiwashe moto kabla ya kuhakikisha maji yanatoka kwenye koki ya moto.

16. Na hita ya gesi?

Ni nzuri kwa nyumba yenye watu wachache na maji yenye presha. Kwa lita 100 kwa siku, mtungi wa kilo 15 hudumu takriban mwezi mmoja. Ifungwe kwenye ukuta wa nje, kamwe si ndani ya bafu, kwa sababu zile zile za swali la 7. Mtungi nao ukae nje, si kwenye shimo wala karibu na mfereji, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Alfajiri ya sakitu presha ya mtungi hushuka na hita inaweza kukataa kuwaka. Mtungi mkubwa huhimili baridi kuliko mdogo. Usiupashe mtungi kwa moto wala kwa maji yanayochemka.

## Hali za pekee

17. Maji yetu ni ya mserereko na hayana presha. Mfumo gani utafanya kazi?

Kila mita moja ya kimo cha simtanki hutoa presha ya baa 0.1. Mnara wa mita 3 hutoa baa 0.3, ambayo inatosha sola isiyo ya presha na pipa, lakini haitoshi baadhi ya hita za papo hapo na za gesi. Soma kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye chombo kabla ya kulipa. Tumia mabomba mapana ya robo tatu ya inchi, na bomba la mvua lenye matundu makubwa.

18. Maji ya moto yawe na nyuzijoto ngapi kwa usalama wa watoto na wazee?

Tangini, 60. Maji yanayokaa kati ya 25 na 45 kwa siku nyingi huweza kuotesha bakteria wa Legionella, ambao hudhuru mapafu pale maji hayo yanapovutwa kama matone madogo. Kwenye koki, yasizidi 45, kwa kuwa maji ya 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa haraka zaidi. Tofauti hiyo huletwa na valvu ya kuchanganyia maji iliyofungwa kabla ya bafu. Kama hakuna valvu, sheria ya nyumbani iwe moja: maji ya baridi hutangulia ndooni, ya moto hufuata.

19. Paa ni la asibesto. Naweza kupitisha bomba la moshi?

Usikate wala kutoboa. Vumbi la asibesto likivutwa husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake, tena baada ya miaka mingi. Pitisha bomba kwenye ukuta, kisha lipande nje ya nyumba mbali na ukingo wa paa. Kama paa limeanza kuvunjika, mpango wa joto usubiri hadi paa libadilishwe na watu wanaojua kuliondoa likiwa limelowa na zima.

20. Nyumba hukaa tupu miezi kadhaa. Niache mifumo katika hali gani?

Sola ya mirija ifunikwe kwa turubai na tangi libaki na maji. Ukilimwaga, mirija itachomwa na jua ikiwa mikavu, na atakayefungua maji mchana ataipasua. Pipa la kuni, kinyume chake, limwagwe kabisa na koki ziachwe wazi ili lisiote kutu. Zima breka ya hita, funga mtungi wa gesi, na funika mdomo wa dohani kwa wavu wa chuma ili nyuki wasirudi. Wavu huo uondolewe kabla ya moto wa kwanza, kwa sababu masizi huuziba. Andika maagizo hayo kwenye kipande cha ubao, ukitundike kando ya jiko, mahali ambapo yeyote atakayefika usiku akiwa na baridi atakiona kabla ya kushika kiberiti.